Kaya Isiyo na Mkuu

Jumatatu, 4 Machi 1974
Kutoboa kadi za kompyuta tangu asubuhi. Programu ya mgao wa unga ina vipande viwili. Cha mwenzangu Massawe kinasoma majina ya Kariakoo na kuondoa waliokufa. Changu kinampa kila mkuu wa kaya mgao wake. Kila kipande kina masharti kwa kinachopokea na ahadi kwa kinachotoa. Nimeandika pia programu ya kukagua, naiita mhakiki: kompyuta yenyewe inathibitisha kwamba ahadi za kimoja zinatimiza masharti ya kingine.
Leo mhakiki amekataa. Kipande changu kinadai kila kaya iwe na mkuu. Massawe akishaondoa marehemu, hawezi kuahidi hilo.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa. Mstari mmoja kwenye kipande cha Massawe: kaya isiyo na mkuu, iondolewe. Mhakiki amekubali papo hapo. Furaha tupu.
Kikaoni Massawe akauliza, na wajane je? Mkurugenzi akamgeukia. "Kwani kwenu Moshi marehemu wanakula ugali?" Tukacheka. Mimi zaidi ya wote.

Ijumaa, 15 Machi
Massawe kahamishiwa stoo ya karatasi. Simwonei huruma. Alikuwa anatuchelewesha.

Jumanne, 2 Aprili
Mwenye nyumba wangu, Bi Salma, yumo edani. Mumewe alifariki Februari. Hatoki. Leo alimtuma jirani duka la ushirika, akarudi na kikapu kitupu. Kaya yake haimo kwenye orodha. Balozi wa nyumba kumi alikuja kumweleza kupitia pazia. "Bi Salma, mashine haikujui."
"Basi iambie imuulize mpangaji wangu. Yeye anafanya kazi huko."
Nilikuwa chumbani. Sikutoka.

Alhamisi, 4 Aprili
Nimemwomba Mkurugenzi tuufute ule mstari. Akanionyesha karatasi ya mhakiki, sahihi yangu chini. "Umethibitisha mwenyewe, dada. Huyo mama atafute mkuu, ataingia."
Nimerudia hesabu zote. Mhakiki hakukosea. Vipande vinapatana. Bi Salma hakuwa sharti la kipande chochote.
Najichukia.

Jumatano, 10 Aprili
Bi Salma anakunywa chai kavu. Mimi nakula kantini. Nilimletea mkate, akaupokea. Kakonda.

Jumamosi, 20 Aprili
Shemeji yake, ndugu wa marehemu, amevuka kwa pantoni ya Magogoni na masanduku yake. Balozi amemwandika mkuu wa kaya. Bi Salma alimsihi Balozi amwandike tu, shemeji asihamie. Shemeji akasema mkuu hakai Kigamboni akaongoza kaya ya Kariakoo. Balozi akaona ni haki.

Jumatatu, 29 Aprili
Kadi ya shemeji imepita bila kosa. Niliitoboa mwenyewe.

Jumanne, 30 Aprili
Unga umekuja. Shemeji analala chumba cha marehemu. Kodi nitampa yeye. Bi Salma kahamishiwa stoo ya uani, edani bado.
Jioni nilimwamkia mlangoni pa stoo.
"Marahaba, mwanangu. Ugali upo, kaa ule."
Nikakaa. Nikala.