Mama Amenikaribisha kwa Kiswahili

Jumapili, jioni. Mvua imenifuata kutoka kwa mama, Kituntu, hadi hapa kwangu Kamuli, na matope ya njiani bado yamo kwenye sketi yangu. Nina huzuni na sina hamu ya kula.

Wiki nzima nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilisoma kwamba watafiti walichukua seli za kawaida, hata za ngozi, wakaamsha jeni zilizolala ndani yake, nazo zikageuka kuwa seli za neva. Tena si za aina moja: nyingine za kuendesha misuli, nyingine za kuhisi maumivu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, najua fika kwamba hiyo bado ni kazi ya maabara. Lakini mwenye mama anayesahau hasomi kama mwalimu. Niliwaza tu: ngozi mama anayo. Na ikipungua, wachukue yangu.

Leo nikaenda kumwona nikiwa na hilo moyoni.

Alikuwa amekaa nje kwenye mkeka na kaka yangu Deo, anayeishi naye. Aliponiona akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Karibu sana, mgeni. Umetoka mbali?"

Kwa Kiswahili.

Mama alikuwa hajawahi kunisemesha Kiswahili. Alinilea, akanigombeza na kuniombea kwa Kinyambo. Kiswahili chake ni cha bwana shamba na wapita njia. Nikamwamkia kwa Kinyambo. Akafurahi, akamwambia Deo kwamba mgeni huyu amejitahidi sana kujifunza lugha yetu. Kisha akaniletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Deo akageuka, akatazama migomba.

Nilizitafuna moja moja. Ndipo nikajiuliza swali nililokuwa nalikwepa wiki nzima: hata wakimtengenezea seli mpya, zitanijua? Zitakuja changa. Hazikuwepo nilipokuwa mgongoni kwake.

Nimevunjika moyo, sitaki kujidanganya.

Nilipoaga, akanishika mkono. "Nina binti huko Kamuli, ni mwalimu," akasema, bado kwa Kiswahili. "Ukimwona, msalimie sana. Mwambie mama yake anamsubiri."

Nikamjibu kwamba salamu nitazifikisha.

Zimefika, mama. Nimelia nazo njia nzima.