Kivuli Changu Katika Chumba cha Taa

MAELEZO YA SHAHIDI, POSTA YA POLISI, KINDU

Jina: Okito Donatien. Umri: miaka sabini, aliyehesabu amekwisha kufa. Kazi: mufagiaji kwa daktari Jacques. Makao: Kasuku, Kindu.

Mimi njo muntu wa kwanza wa Kindu kutazama taa ya buluu bila kulia. Andika. Ao usiandike, brigadie; unaona kitambaa juu ya macho yangu na machozi chini yake.

Mnamo tarehe 12 mwezi wa sita 1956, kisha chakula cha muchana, niliingia katika chumba cha taa kulala, maana sakafu yake ni baridi. Nililala nyuma ya meza. Juu yake daktari alipanga visahani vya kioo vyenye vidudu vya pepopunda. Vidudu vile vinajifunga ndani ya ganda gumu, hata maji ya moto haviogopi. Daktari anajaribu kuviua kwa mwangaza wa taa iliyo juu ya mulango.

Amuri, musaidizi wake, akaita mulangoni: "Baba Okito, uko ndani?" Akaita tena. Nikanyamaza, nikifikiri ananitafutia bido za maji za kusugua. Akafunga kwa ufunguo toka inje, njo sheria ya taa ile, akaiwasha.

Nikapiga mulango, nikapiga kelele. Treni ya mizigo ilikuwa inapiga honi, hakuna aliyesikia. Nikarudi kusimama mbele ya meza, beseni kichwani kama kofia ya gavana. Mwangaza ule hauna joto, hauna sauti, na kila pembe unafika. Nilicheka sana, kusudi nisisikie moyo wangu.

Amuri alipofungua akapiga magoti: "Baba, nimekuua!"

"Taa yako inaua vidudu vidogo, mutoto. Mimi ni mukubwa mno."

Jioni macho yakajaa muchanga na pilipili.

Jana daktari alikuta vidudu vimekufa katika visahani vyote, ila vitatu vilivyokaa ndani ya kivuli changu. Mule vimeamka. Akasema Amuri alinifungia makusudi, aharibu kazi yake. Sasa Amuri iko amefungwa katika kasho yenu hapa posta, kesho anapelekwa gereza. Lakini aliita. Mimi njo nilinyamaza.

Nimesema yote, nimesomewa, na kidole changu kiko hapa chini.

Brigadie Michel, siku mbuzi wako alipokimbia sokoni, nani alimushika? Ulisema, "Baba, siku moja utaniomba kitu." Basi: sioni njia. Unipe Amuri anishike mukono mpaka Kasuku.

(Alama ya kidole gumba)

Yameandikwa nami, brigadie Michel. Habari ya mbuzi ni kweli. Kasho nimeifungua saa kumi.