Kinga Niliyoiita Dawa

Isiolo, Jumatano, Agosti 1987. Upepo na vumbi tangu asubuhi.

Nisamehe, daftari langu. Tangu barua ya Abdi ifike sijakufungua. Niliona aibu.

Abdi ni ndugu yangu, analisha panya kwenye maabara Nairobi. Aliandika kwamba wanawapa panya mafuta na sukari kila siku. Wengine sukari inawapanda kwenye damu. Wengine wanakula chakula kile kile na wanabaki wazima. Kwa hivyo wanawapandisha hawa na wale, wanapima watoto na wajukuu, wajue ni kitu gani cha kurithi kinachowakinga.

Nilimsomea Mama. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata panya wanachaguliwa wachumba! Mimi nilipoolewa waliuliza ngamia tu, sukari hakuna aliyeuliza."

Abdi aliandika "kinga". Mimi nikasoma "dawa".

Sikukosea kusoma. Mama alikuwa analilia macho yake yanayofifia kwa ugonjwa wa sukari, na mimi mtoto mgongoni ana homa, nimechoka. Nilitaka afurahi hata kidogo.

Akafurahi kweli. Majirani wote wakaambiwa mwanawe anatengeneza dawa ya sukari. Halafu akakataa sindano. "Ya nini kunitoboa, na ya Abdi inakuja?" Kwenye chai akarudisha vijiko vyake vinne.

Leo ni siku ya tano bila sindano. Anamaliza maji ya mtungi na bado ana kiu. Asubuhi nikamwambia ukweli: kazi ya wale panya ni ya miaka mingi, na ni ya watu ambao bado hawajaugua. Labda itamfaa Hawa, mtoto wangu huyu wa mgongoni. Yeye Mama haitamfikia.

Aligeukia ukuta. "Sema tu umechoka kunitunza."

Nimechoka, ndiyo. Lakini si hivyo, wallahi.

Nilimshika mkono kwa nguvu nikamdunga kama mtoto mdogo. Alilia. Na mimi nililia, nikafunga chupa, nikaenda kupika.

Kesho lori ya jirani inashuka Nairobi. Dereva atampelekea Abdi karatasi. Naomba atume: insulini chupa mbili, ndani ya thermos yenye barafu. Pini za sindano sita, zetu zimekuwa butu. Chupa moja ya ile dawa ya bluu ya kupimia mkojo. Na barua fupi kwa Mama, imwambie wazi asiache sindano. Aandike juu ya bahasha: isomwe na mtu mwingine, si Halima. Mimi Mama haniamini tena.