Mkono Uliokwenda Darajani

Bi Salma,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana, maana kila nikiianza inageuka mashitaka. Basi leo naiacha iwe mashitaka mpaka ichoke yenyewe, kisha nikwambie lililobaki.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Nyumba yako ya Malindi ya hapa Unguja wameipangisha. Chumba cha chini, tulichokuwa tukitwangia majani ya hina, sasa ni duka la kadi za posta. Mimi nimehamia Mlandege, juu ya muuza vitambaa: chumba kimoja na ukumbi unaotosha bibi harusi na shoga zake wanne, wa tano hukaa ngazini. Nimekipata kwa mikono yangu hii. Kwako sikurithi hata mkeka, wala sikudai; watu wako walikuwepo.

Siku hizi hatuchori kwa kijiti. Tunakunja nailoni kama pakti ya njugu, tunatoboa ncha, hina inatoka nyembamba kama uzi. Ungeikataa siku mbili, ya tatu ungeniambia, "Hebu nkunjie na mimi hiyo takataka yako."

Lakini kilichobadilika zaidi ni pahala watu wanapotutafuta. Zamani mama wa bibi harusi alimuuliza jirani. Sasa bibi harusi yuko Maskati au London, harusi itakuwa Unguja, na mpambaji anamtafuta kwenye intaneti kabla hata hajanunua kitambaa. Anaandika "hina" na "Zanzibar", na atakayetokea ndiye aliyepo. Asiyetokea hayupo, hata akiwa amekaa Mlandege vidole vimemwiva hina mpaka kwenye kucha.

Hilo nililipuuza miaka, na wa kulaumiwa ni wewe. Kila nilipokwambia tuweke japo kibao mlangoni ulinijibu neno lile lile: "Kizuri chajiuza, Miza. Kibaya chajitembeza." Nikaliamini kama nilivyoamini kipimo chako cha ndimu kwenye hina.

Nikwambie na jengine, maana nshaanza. Kwenye nyumba za watu ulikuwa ukisema "kazi yetu". Nimemaliza miguu miwili peke yangu, mgongo umekatika, wewe umekaa unakunywa kahawa na mama mtu, kisha unasema "kazi yetu". Jina langu sikulisikia likitoka kinywani mwako mbele ya mteja hata siku moja. Na kila Jumatano ulininyooshea mkono wako wa kulia: "Nchore, upate kujifunza." Nilikuwa nshajua tangu zamani, na bado nachora ati nijifunze. Kesho yake unavaa buibui unakwenda Darajani kununua samaki mwenyewe, na mimi nipo, miguu mizima. Nilidhani huniamini kwenye kupatana bei. Mimi, niliyekuwa nikikuhesabia chenji zako.

Basi sikiliza yaliyonikuta.

Hoteli moja ya Chukwani ilitaka mpambaji mmoja wa harusi zake zote. Nikavaa, nikaenda. Msimamizi, bibi wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akaniuliza, "Una tovuti?" Nikamwambia sina tovuti, nna mikono. Akacheka kwa adabu, akanigeuzia kompyuta. "Wengine wamejileta hivi," akasema.

Juu kabisa pameandikwa jina lako. Bi Salma, Wapambaji wa Mji Mkongwe. Chini yake: kazi ya familia yetu tangu enzi, wasiliana na Nasra. Nasra huyu huyu, mtoto wa kaka yako, aliyeshindwa kumaliza hata mkono mmoja mbele yako: "Shangazi, mgongo waniuma." Picha zilikuwa kumi na nne. Tano sikuzijua. Tisa ni zangu.

Nilizijua vipi? Unakumbuka mchoro wangu wa ua la mlangilangi, ule unaopanda kutoka kwenye kifundo cha mkono, na jani moja ninaloliacha tupu, silijazi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuacha pahala pa kupumulia. Yapo majani tupu tisa kwenye kompyuta ya hoteli, na mimi nimesimama mbele yao kama mgeni.

Nilirudi mjini nikasema, sawa, hii ni dhuluma, nitaipangia siku yake. Kumbe iko kubwa zaidi nyuma yake.

Mmoja katika mikono ile tisa ulikuwa wa binti wa Bi Asha wa hapo Malindi. Nasra aliona hakuna uso, akadhani hakuna mtu. Amesahau mji aliozaliwa. Sisi wanawake wa mji huu tumevaa buibui umri wetu wote. Tunajuana kwa viatu, kwa mwendo, kwa mikono. Uso ndio kitu cha mwisho. Na binti yule alivaa bangili ya bibi yake, ile iliyobonyea upande, ambayo Malindi nzima imeiona. Mkono wa bibi harusi, ulioandaliwa kwa macho ya mumewe na ya wanawake waliomo ndani, uko duniani unatazamwa na mabaharia.

Bi Asha alipanda ngazi zangu akihema, mkononi ana karatasi ya picha ile, jirani aliyeiona kwenye intaneti kamchapia. Hakukaa. Akasema, "Nilikufungulia mlango wa ukumbi wangu, wewe ukaufungulia ulimwengu." Nikamwambia si mimi. Akasema, "Jani hili si lako? Nani mwengine anayeacha jani tupu hapa mjini?"

Ndipo nilipoelewa nimekaa wapi, Bi Salma. Kwa sifa anajulikana Nasra, kwa lawama najulikana mimi. Wiki ile ile mabibi harusi wawili wakaniletea salamu kwamba wamepata mtu mwengine. Na unajua kazi hii: mpambaji akishaambiwa hana siri, hata akichora kama malaika, atawachorea paka.

Nikaenda kwa Nasra. Alinikaribisha chai, nikaikataa, maana nikinywa chai ya mtu siwezi kumgombeza. Nikamwambia aitoe picha ya binti wa watu. Akasema, "Jina la shangazi yangu ni langu. Wewe ulikuwa mtumishi tu." Kisha akacheka: "Na wewe Mtumbatu wa kisiwani intaneti umeijulia wapi?" Nikamwambia nimeijulia pale pale anapoikodi yeye kwa saa. Akanuna. Mwisho akasema hata akitaka hawezi kuitoa, aliyeitengeneza yuko Dar. Nikaondoka. Nje nililia kidogo, kando ya mtaro, nikajifuta kwa ukaya wa buibui, basi.

Nikarudi kwa Bi Asha. Sikuapa. Nilimwomba akumbuke tu: usiku ule nani alikuwa na kamera? Akashika kichwa. "Nasra. Mimi mwenyewe nilimruhusu. Alisema ya ukumbusho." Akanishika mkono. "Nakuamini, Miza. Lakini mkono wa mwanangu bado uko huko."

Ndivyo ilivyokuwa. Kuaminiwa hakukuiondoa picha. Hapa Darajani kuna chumba cha intaneti, anakiendesha Raya, mwanamke mkali, anakufukuza saa yako ikiisha hata kama neno liko katikati. Nikampelekea anwani iliyoandikwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, ya yule mtengenezaji wa Dar. Bi Asha akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema maneno, Raya akayachapa: mimi ni mama wa mwenye mkono huu, sikutoa ruhusa, naomba uondolewe. Kijana wa Dar alijibu siku ya pili, akaomba radhi, akaiondoa. Ile moja tu. Zangu nane nyengine bado zipo chini ya jina lako.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikuandikie.

Tulipotoka kwa Raya, Bi Asha akaniuliza, "Unajua mimi nilikujulia wapi?" Nikasema kwa Bi Salma, bila shaka. Akasema, "Kwa mkono wa Bi Salma."

Akanihadithia. Alikuwa sokoni, kwenye marikiti ya samaki. Ukatoa mkono wa kulia chini ya buibui kulipa, sarafu moja, ukausitisha mkono, sarafu nyengine, polepole, kama mtu aliyesahau kuhesabu. Wanawake wote wanautazama. Muuza samaki akakutania, "Bi Salma, kila Alhamisi unaolewa wewe?" Ukamjibu, "Naolewa na nguru huyu, na mahari umeizidisha." Na Bi Asha alipokuuliza nani kakuchora hivyo, ulisema, "Mtoto wangu, Miza, wa Tumbatu. Mkono wake umeshanipita. Mimi siku hizi nashika begi la hina tu."

Nilikaa kwenye baraza ya watu, Bi Salma.

Miaka yote ile unaniambia kizuri chajiuza, na kumbe kila Alhamisi unakitembeza. Ulikichukua mkononi, ukakipitisha kwenye samaki, kwenye mboga, kwa muuza ndimu. Ulijua saa ya kwenda, wanawake wa Malindi na Shangani wakiwa wamejaa. Ulijua kutumia mkono wa kulipa. Na jina langu ulilitaja, ila mimi hukunitajia, ee bibi wewe, kwa nini hukunitajia? Nadhani uliogopa nitavimba kichwa. Ningevimba.

Basi na mimi nimejitembeza.

Nimelipa, yule kijana wa Dar akanitengenezea ukurasa wangu. Raya alinisaidia kujibu maswali yake. Akauliza jina, nikasema Miza wa Mlandege, jina langu na pahala ninapopatikana. Akaniuliza uzoefu, nikamwambia miaka kumi na saba, kumi na minne katika hiyo chini ya Bi Salma wa Malindi, na uandike hivyo hivyo. Akataka picha yangu ya uso, ati wateja wanapenda kumwona mtu. Nikamwambia uso wangu hauchori. Akataka maneno ya mteja aliyeridhika. Bi Asha ndiye aliyeyatoa, na ni haya: "Alimchora mwanangu, na hapa hutamwona."

Kwenye ukurasa ule hakuna bibi harusi hata mmoja. Picha ni mbili. Ya kwanza ni mkono wangu wa kushoto, nimeuchora mwenyewe, mlangilangi na jani lake tupu. Wa kulia siwezi kujichora, unajua. Siku ya kupiga picha ndipo nilipokumbuka kwamba na wewe hukuweza, ndiyo maana ulinihitaji mimi. Basi wa kulia nimemnyooshea Subira, msichana wa Mkokotoni ninayemfunza. Nikamwambia, "Nchore." Akachora, mstari wa kidole gumba umempinda. Nikauacha ulivyo, ukapigwa picha. Chini ya mkono wa kushoto pameandikwa Miza. Chini ya wa kulia pameandikwa Subira.

Jumatatu na Alhamisi nakwenda kusoma barua zinazoingia, na sitoki nje ya chumba cha Raya kabla sijajibu. Watatu waliniandikia kutaka picha za mabibi harusi niliowapamba. Nikawajibu kwamba siku yenu itakapofika mtafurahi kuwa picha za mabibi harusi wangu huwa simtumii mtu. Wawili wakapotea. Mmoja akaja, kutoka Maskati, na mama yake na khalati zake, ndugu wa mama. Hoteli ya Chukwani imenipa harusi mbili za kunijaribu. Sijui watanichukua moja kwa moja. Nitawachorea kama walionichukua.

Nasra sijamsamehe, nisikudanganye. Nimeacha tu kumsubiri. Jina lako silo nitakaloligombania. Liko kaburini kwa haki yake, na liko kwenye ukurasa wangu kwa ukweli wake, miaka kumi na minne. Anayetaka kulivaa alivae, tutaona kama linamtosha.

Leo ilikuwa Alhamisi. Nilivaa buibui, nikamwambia Subira abaki, nakwenda kununua samaki mwenyewe. Alinitazama kama nilivyokuwa nikikutazama. Nikalipa kwa mkono wa kulia, sarafu moja moja. Muuza samaki ni yule yule, amezeeka. Akautazama, akasema, "Miza, unaolewa wewe?" Nikamwambia naolewa na nguru huyu, na mahari umeizidisha. Akacheka, kisha akakutaja, akakurehemu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akaniuliza nani kanichora.

Nikamwambia: Subira, wa Mkokotoni. Na niliporudi nyumbani, Bi Salma, nikamwambia na Subira mwenyewe kwamba nimemtaja. Acha avimbe. Nakuahidi kila mkono utakaotoka kwangu utatembea na jina la aliyeuchora, na mwenye jina atajua.

Nakuacha na rehema za Mola. Nguru nimemkata, wewe ningekukatia mkia, unaoupenda. Lala, Bi Salma. Begi nnalishika mimi.

Miza wako