Usimsamehe Anaeli Jumamosi

Mjukuu wangu Namsifu,

Nimekuficha jambo kuhusu mdogo wangu Anaeli, na juu ya jambo hilo umejenga albamu nzima. Hukumkuta hai. Unamjua kwa maneno yangu tu. Naandika hadharani kwa sababu nyimbo zako tayari ziko kwenye simu za watu. Nikikunong'oneza peke yako, nitakuwa nimejificha tena.

Unakumbuka likizo ile ulipokuja Nkoaranga na gitaa mgongoni? Tulikaa uani, mimi nikimenya ndizi, wewe umeegesha simu kwenye beseni inirekodi. "Babu, ongea kama unamsimulia mtu, siyo kama uko darasani!" Nikajaribu. Nikakusimulia ndugu wawili waliogawiwa shamba la kahawa na baba yao, wakapakana, wakagombana. Nikasema Anaeli alisogeza mpaka, akaona aibu, akahamia Kikwe, kule chini tambarare, asipande tena huku mlimani hadi alipozikwa. Ukauliza, "Hata salamu hakuleta?" Nikainamia ndizi. "Hata salamu."

Nilidhani utatunga wimbo mmoja. Hukuwa na kampuni wala studio, ni chumba chako cha Daraja Mbili na mablanketi uliyotundika ukutani kuzuia kelele za mtaa. Sasa shangazi yako ananiwekea simu kifuani, nasikiliza hadithi nzima: wimbo wa mavuno, wa ugomvi, wa ng'ombe wakiteremshwa Kikwe, na ule usio na maneno, gitaa likienda peke yake kama mtu asiyetaka kugeuka nyuma. Nimefundisha fasihi maisha yangu yote, najua hadithi inaposhikana. Hii imeshikana, na ndiyo maana inanitisha.

Shangazi yako anafurahi. "Baba, umekuwa staa! Sijui watu wa Kikwe wataficha wapi nyuso zao Jumamosi." Nikamwuliza watu gani. Ndipo akaniambia umewaalika wajukuu wa Anaeli kwenye onyesho lako mjini, wakae mbele, na ukifika wimbo wa mwisho utashuka jukwaani uwakumbatie, umsamehe babu yao mbele ya wote.

Tangu hapo kifua kinabana hata nikiegemea mito. Nilikupigia. Uliposema, "Shikamoo babu, umeusikia ule wa mwisho?" nikajibu una sauti nzuri, nikakata. Daktari hasemi wazi, ila ameacha kunigombeza kuhusu chumvi. Naogopa Jumamosi itanikuta sisemi tena, na watoto wale watarudi Kikwe na aibu isiyo yao.

Basi sikia. Anaeli alikuja. Alipanda kutoka Kikwe kwa miguu akiwa na jani la isale mkononi, na unajua kwetu anayekuja na isale kuomba msamaha hakataliwi. Ukishaiona, huna tena ruhusa ya kinyongo. Nami, msomi, nikatafuta upenyo: asiyeiona hajaikataa. Nikaingia stoo ya kahawa, nikamtuma bibi yako aseme sipo. Nikamchungulia kwenye ufa wa mbao. Alisimama getini, mvua ikaanza, akaendelea kusimama. "Shemeji," akasema, "mwambie nilikuja." Bibi yako aliingia ndani, akapika, akanipakulia, hakunitazama.

Wimbo ule wa mwisho usiuimbe, mwanangu. Wajukuu wa Anaeli waje, wakae hapohapo mbele, lakini kabla ya Jumamosi kata isale uwafuate Kikwe. Mimi siwezi tena kuteremka mlima huu. Uende kwa niaba yangu, na wakikuuliza babu yako anaomba msamaha kwa kosa gani, usiishie kwenye stoo.

Hapo hata mimi nilitaka kuishia. Kujificha ni kosa la mwoga, na mwoga watu humwonea huruma. Kwaheri, Namsifu, huenda hasira yako isinikute hai. Anaeli hakuwa na lolote la kuombea msamaha. Alikuja kwa sababu mama yetu alikuwa mgonjwa na alitaka kutuona tumekaa pamoja. Mpaka niliusogeza mimi, ukaingia katika shamba lake, kisha nikawaambia wazee wa ukoo kwamba ni yeye.

Babu yako