Chule Ilitoka Wapi

Alhamisi, 3 Aprili 2014
Kijijini Busunzu tena. Umande, viatu vizito kwa tope. Shamba la kikundi cha wakulima limekwisha: kila ganda la maharage lina madoa meusi yaliyobonyea. Chule. Ugonjwa huo wa kuvu haubembelezwi. Na mbegu ni ile nyekundu, aina moja, niliyowaletea mimi, bwana shamba wao, kwa gunia kutoka Kasulu na kuwahubiria kama mchungaji. Inauma.

Shamba jirani ni la Mama Esperansi. Chule ipo, lakini maharage yake yamesimama. Hupanda mchanganyiko: meupe, meusi, ya njano, ya madoadoa, yote pamoja. Nilishamwambia ni uchafu. Pembeni kapanda mstari mmoja wa mbegu yangu nyekundu. Kwa heshima tu, nadhani.

Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Baltazari, kasema ugonjwa umetoka kwa Mama Esperansi. Wazazi wake walikuja wakimbizi. Yeye ni raia, lakini huenda Burundi kusalimia ndugu na kurudi na mbegu. Watu wakaitikia. Nami nikaitikia, mbele yake. Akakaza kitenge, akaondoka.

Ijumaa, 4 Aprili
Ofisini Kibondo. Nimeandika ripoti: chanzo ni mbegu za mchanganyiko. Sahihi, mhuri. Kikundi kimemtoa Mama Esperansi na kuagiza mtu yeyote asipande mbegu zake. Nimeharakisha mno. Najijua, nikiona aibu mkono unakimbia kuliko kichwa.

Jumatatu, 7 Aprili
Kasulu, kwenye shamba lilikotoka gunia. Madoa yaleyale. Nikajiambia chule iko kila mahali. Sikuamini.

Nimekusanya sampuli za kumpelekea Rehema, tuliyesoma naye chuo. Siku hizi yuko nje, anasoma jenomu za kuvu wanaoua mazao, yaani maandishi yao yote ya urithi. Nilipopita kwa Mama Esperansi kuchukua majani, alipanda darini mwenyewe, akashusha maganda makavu ya msimu wa kabla ya gunia langu. Yana madoa machache. Akasema nayo yaende. Sikuwa nimeyaomba. Kaniaibisha kwa akili.

Jumatano, 9 Julai
Vibali vya kupeleka sampuli nje, foleni, majibu bado. Nimepita Busunzu kwa pikipiki. Mama Esperansi alikuwa barabarani. Kanijibu salamu, basi.

Jumanne, 16 Septemba
Barua pepe ya Rehema. Nimeisoma mara nne.

Ndani ya seli za kuvu kuna mitokondria, vinu vidogo vya nguvu, navyo vina jenomu yao, kando na ile ya kiini cha seli. Urefu wake hutofautiana hata kwa kuvu wa ugonjwa mmoja, kwa sababu vipande vya ziada hujichomeka humo. Nguo ileile, viraka tofauti.

Kuvu wa maganda ya darini: jenomu fupi, karibu haina viraka. Kuvu wa shamba la kikundi: ndefu. Wa Kasulu: ndefu vilevile, viraka palepale. Wa Mama Esperansi msimu huu: wa Kasulu, bila shaka aliyeingia kwa ule mstari mwekundu pembeni.

Nikamwandikia kwamba urefu peke yake si ushahidi. Nilitafuta mlango wa kutokea, nakiri. Akajibu kwamba ni kweli, ndiyo maana amesoma na jenomu ya kiini. Inasema hivyohivyo.

Nimeileta mimi. Kwa gunia, kwa risala, kwa kofia ya serikali.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimekwenda kwa Mama Esperansi peke yangu. Nikamweleza yote, viraka na vyote. Nikaomba radhi. Alikuwa anapepeta maharage na hakuacha. Kisha akasema:

"Ulinisema mbele ya watu, Bwana Shamba. Nisafishe mbele ya watu."

Nilidhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa sijaanza.

Jumapili, 21 Septemba
Baada ya ibada, uwanjani. Nimesema chule iliingia na mbegu yangu, kwamba ripoti yangu ya kwanza ni ya uongo na nimeandika nyingine. Mzee Baltazari aliangalia chini. Mtu mmoja akacheka, nadhani kwa kunihurumia. Kisha akamwomba Mama Esperansi radhi, akamrudisha kikundini. Naye akauliza tu kikao kijacho ni lini.

Mkuu wangu wa kazi aliipokea ripoti mpya Ijumaa, akaifungia kabatini. Hilo linanitisha zaidi.

Jumamosi, 25 Oktoba
Mvua za kwanza. Wanakikundi walipanga mstari kwa Mama Esperansi kuchukua mchanganyiko. Nilisimama wa mwisho. Akanipimia kikombe kilekile, akasema nije nione unavyopandwa.

Pembezoni mwa shamba akanisimamisha, akaonyesha viatu vyangu. Nilikuwa nimetoka Kasulu asubuhi. Somo hilo nililifundisha mimi mwenyewe, kila kijiji: usibebe udongo wa shamba moja kwenda jingine.

Nikakaa kwenye jiwe, nikavivua. Akaniletea maji na gunzi. Nikasugua mpaka aliporidhika, ndipo nikaingia.