Uji wa Mama Penieli

Mjukuu wangu Anande,

Marahaba, nimeipokea shikamoo yako. Huku Kikwe tu wazima, babu yako anapalilia mahindi, na ng'ombe wetu amezaa. Umeniuliza kama Mungu humhurumia mtu ambaye hajaomba msamaha. Ngoja nikusimulie habari ya mama yangu.

Biashara ya mitumba iliporuhusiwa, mimi na mama tuliuza nguo katika soko la Maji ya Chai. Jirani yetu sokoni, Mama Penieli, akawatangazia wateja kwamba nguo zetu ni za maiti. Watu wakatukimbia. Baadaye yeye akavunjika mguu, akalala nyumbani bila wa kumpikia. Mama akakoroga uji, akaniita twende.

"Mama, hata hajatuomba samahani!" nikalalamika.

"Njaa haisubiri samahani," akasema. "Na mimi Mungu alinihurumia kabla sijamwomba."

Akamwogesha, akamnywesha uji taratibu kama mtoto wake wa kumzaa. Nilisimama mlangoni nikimtazama mama, nikaona sijawahi kumjua mtu mzuri kama yeye. Mama Penieli alikunywa huku akilia, lakini samahani hakuomba.

Kesho yake mama akakoroga uji tena.

Mungu akutunze huko chuoni.

Bibi yako